Posa ya Mtani

Kijijini kwetu, juu ya Mto Lubwe, hapakuwa na mtu aliyependwa kama Bartholomeo, na hapakuwa na mtu aliyeaminiwa kidogo kama yeye. Angekuja mbio kukuambia nyumba yako inaungua, ungemaliza kwanza ugali wako. Si kwamba alikuwa mwongo. Mwongo hudanganya ili apate kitu. Bartholomeo alikuwa mtani, na utani aliushika kama wengine wanavyoshika dini, mvua inyeshe, jua liwake.

Mgeni huenda asielewe, kwa hiyo nieleze, ingawa mimi Semeni si mtu wa maelezo marefu. Sisi Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama, na kila ukoo una ukoo mwingine ambao ni watani wake. Mtani ana ruhusa ya kukuita mchawi mbele ya wakwe zako. Anaweza kukamata kuku wako akamchinja, nawe ukinuna, wewe ndiye mkosaji na faini utatoa. Ukifiwa, mtani ndiye anayeingia kaburini kabla ya maiti, akalala humo, akasema hatoki mpaka apewe haki yake. Hapo ndipo tunapocheka huku machozi yako mashavuni, na asiyejua akituona atadhani tumerukwa na akili.

Kazi ya Bartholomeo ilikuwa kusuka matenga ya mianzi. Sisi wanawake wa milimani ndio tuliokuwa lori la huku juu. Kabichi, karoti na njegere zote za Lubwe zilishuka barabarani juu ya vichwa vyetu, na tenga likisukwa ovyo shingo yako itakukumbusha wiki nzima. Tenga la Bartholomeo lilikaa kichwani likatulia. Mkewe alifariki mapema, hawakujaliwa mtoto, na tangu hapo aliishi peke yake. Hata hivyo uani kwake hapakukosa watu, maana nani hataki kucheka.

Tulipoandikishwa kuwa kijiji cha ujamaa, mwenyekiti alijua upesi namna ya kumtumia. Siku ya shamba la kijiji alimpanga kwenye mteremko mgumu kuliko yote, kwa sababu waliolima karibu na Bartholomeo walisahau migongo yao. Kwenye kisomo cha watu wazima mwalimu alimwandikia ubaoni kwamba baba analima shamba. Bartholomeo akasoma kwamba baba amelala nyumbani, akaapa kwamba yeye anasoma mambo anayoyafahamu. Darasa likavunjika, na mwalimu mwenyewe alitoka nje akajifanya anatafuta chaki.

Sasa nije kwa Filomena. Huyu ni shoga yangu, mwanamke mrefu, mwendo wake wa haraka, mdomo wake mkali kidogo kuliko wangu. Ukoo wake na ukoo wa Bartholomeo ni watani. Mumewe, Simon, alipofariki kwa ugonjwa wa siku chache, Filomena alikaa hali wala hasemi, macho makavu, tukaanza kumwogopea. Siku ya mazishi Bartholomeo akaingia kaburini amevaa koti la Simon mwenyewe. Akalala chali, akakohoa kile kikohozi cha Simon cha kabla ya kula, akauliza kwa sauti ile ile ya marehemu, "Filomena, mboga umeiunguza tena?" Filomena alicheka mpaka miguu ikamwisha nguvu, akakaa chini, kisha ndipo akalia kilio chenyewe. Jioni aliniambia, "Yule mtu amenirudishia pumzi."

Miaka ikapita, na Bartholomeo akampenda. Nasema kwa uhakika kwa sababu nilikuwa na macho. Tenga la Filomena alilisuka kwa mianzi ya kuchagua. La kwangu alilisuka kwa iliyobaki.

Lakini utampendaje mtani wako, ukamwambia, naye akakuamini? Kuoana kwa watani hakuna mwiko, wengi wameoana. Tabu ni kwamba watani huitana mke wangu, mume wangu, tangu wakiwa watoto wa kuchunga mbuzi. Mara ya kwanza Bartholomeo alimwambia Filomena kisimani kwamba anataka kumwoa. Filomena akajibu kwamba yeye anamsubiri askofu. Mara ya pili akatuma mshenga. Watu walikuja kutoka hata nyumba za mbali, wakakaa chini kumsikiliza mshenga kama watu waliokuja ngomani, wakapiga makofi, wakamwomba arudie pale mwanzo. Mara ya tatu akaenda mwenyewe kwa mjomba Anselmi, kaka wa mama yake Filomena, ambaye ndiye mwenye kauli katika ukoo wao. Alibeba jogoo. Mjomba akampokea jogoo, akacheka, akasema, "Huu utani wa leo ni mzuri, umekuja na kitoweo chake."

Bartholomeo akarudi nyumbani. Nilimwona akipita. Hakuna aliyejua kwamba anaumia, kwa sababu sura yake ya kuumia hatukuwahi kuiona, tusingeitambua.

Kisha, masika ya mwaka wa sabini na tano, akatokea Athanas. Alikuwa mtunza ghala kwenye mashamba ya miwa kule Turiani, mjane mwenye adabu, shati lake limepigwa pasi. Alikuja mara moja tu kwa mjomba, akakaa wima, akasema maneno machache yote yenye maana, na kila mtu akamwamini pale pale. Aliahidi kurudi Jumapili baada ya misa kuchukua jibu. Kosa lake silijui mpaka leo, na nimelitafuta sana.

"Utamkubali?" nilimuuliza Filomena.

"Mtu mzima haishi kwa kucheka, Semeni," akanijibu, na akaendelea kufunga njegere.

Mimi sikupenda, nasema wazi. Filomena akienda Turiani, nani atatembea na mimi? Njia ile ya Lubwe si ya kutembea peke yako.

Ijumaa jioni Bartholomeo alikwenda tena kwa mjomba Anselmi. Safari hii hakubeba kitu. Mimi nilikuwapo, nimepeleka unga. Akasema, "Shikamoo mjomba. Nimekuja kuposa, na leo si utani." Wote waliokuwapo wakacheka, kwa sababu hata hilo alikuwa analisema kila mara. Mjomba peke yake hakucheka. 

"Bartholomeo," akasema, "mimi sikatai wala sikubali. Sijui ninachokataa. Mtu asiyefunga mdomo hata siku moja nitajuaje siku anaposema kweli? Kesho ni siku ya lori la mboga. Nenda na Filomena mzunguko wote, ushuke Kooni, upande Ubavuni, urudi hapa. Usitanie. Usijibu utani. Ukirudi mlangoni kwangu hujatania, nitaihesabu posa yako kuwa ni posa, na Athanas atakuta mposaji mwenzake. Ukitania hata mara moja, usinitajie tena neno hilo."

"Na nani atashuhudia?" mtu mmoja akauliza.

Mjomba akanielekezea kidole. Ukoo wangu si watani wao, na mimi nasifika kwa kusema ukweli hata pale ambapo watu wangeshukuru ninyamaze.

Njia yenyewe iko hivi. Mto Lubwe umeukata mlima, ukatengeneza korongo refu jembamba tunaloliita Koo. Ukiwa na mzigo unaweza kushuka ndani ya Koo, jiwe kwa jiwe, mara upande huu wa maji mara upande ule, na kuna mahali unashuka kwa makalio, mkubwa na mdogo, mwenye cheo na asiye na cheo. Kupanda na mzigo humo hakuwezekani. Kwa hiyo ukishafika chini kwenye barabara inayotoka Mlali, ukauza, ukachukua chumvi na mafuta ya taa ya duka la kijiji, unarudi kwa kupanda ng'ambo ya pili ya korongo, unapita njia nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa mwamba, unauvuka mto kule juu unapoanzia, ndipo unateremka nyumbani. Ni duara moja kubwa. Unaondoka na umande, unarudi jua limechoka nawe umechoka kulipita.

Jumamosi asubuhi Bartholomeo alikuwa mlangoni kwa Filomena kabla yangu. Akajitwisha tenga la kabichi la Filomena kichwani. Kwetu mwanaume hubeba begani, lakini Kooni bega halifai, mzigo unagonga mawe. Nikamwekea kata vizuri chini ya tenga, naye akasema, "Asante, Semeni." Nilishtuka. Tangu nimjue hajawahi kunishukuru bila kunitukana kidogo.

Habari zilikuwa zimekwisha kutembea. Kwenye kila shamba tulilopita watu walinyoosha migongo.

"Bartholomeo, leo umeolewa wewe?"

"Mwali, tembea taratibu, mkwe wako anakuona!"

Bartholomeo aliitikia, "Habari za asubuhi," kwa kila mmoja, akapita. Shingo yake ilikuwa imesimama, jasho linatiririka na jua bado halijatoka. Filomena alikuwa mbele yangu na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alikuwa anafurahi sana. Maisha yake yote mtu huyu alimtania yeye. Leo mkono wake umefungwa, na Filomena si mtu wa kuacha nafasi ipite.

"Mume wangu," akamwambia tulipoanza kuingia Kooni, "hizo kabichi zikikushinda sema, nitakubeba wewe pamoja nazo."

Bartholomeo akaendelea kushuka.

"Semeni, muulize mume wangu kama ana ulimi."

"Ninao," akasema Bartholomeo kwa upole.

Nikaipima hiyo, nikaona si utani. Ni kweli alikuwa nao.

Kooni jua halifiki mapema. Kuta za mwamba zinapanda pande mbili, zimejaa majani yanayodondosha maji, na mto unanguruma hata unasema na mwenzako kwa kupiga kelele. Tulivuka jiwe la kwanza na la pili. Kwenye lile jiwe pana lenye utelezi, ambalo kila mwanamke wa Lubwe ameliachia ngozi yake, mguu wa Bartholomeo ukaondoka. Akakaa majini mzima mzima. Tenga likabaki kichwani, Mungu anajua vipi, lakini kabichi moja ikaruka, ikaenda zake na mto.

Mimi na Filomena tulicheka mpaka tukashikana. Bartholomeo alikaa pale, maji yamefika kifuani, tenga kichwani, anaitazama kabichi inavyokwenda. Niliona maneno yakimpanda kooni. Niliyaona kabisa, midomo ikafunguka. Akaifunga, akameza, kisha akasema, "Maji yana baridi."

"Huo ni utani," Filomena akasema.

"Si utani," nikasema mimi. "Weka mguu wako uone."

Chini barabarani mambo yalikuwa magumu zaidi. Lori lilikuwa halijafika, na pale chini ya miembe ya wauza mboga walikuwapo wanawake wa ukoo wa Filomena kutoka vijiji vya chini, watani wa Bartholomeo, wote wamesikia. Mmoja, Felista, mnene na mcheshi, alilala barabarani mbele yake, akajifunika kanga, akasema amekufa kwa njaa baada ya kuolewa na msuka matenga. Wengine wakaanza kumlilia. Kutomjibu mtani ni dharau, tena mbele za watu; na kumjibu ilikuwa kumpoteza Filomena. Bartholomeo alisimama pale akitoka jasho. Mwishowe akatua tenga, akavua kofia yake, ile ya kitambaa cha kijani aliyoipenda sana, akaiweka kwa adabu juu ya tumbo la Felista. Hiyo ndiyo faini ya kunyamaza. Felista akaivaa, akafufuka, na akaenda nayo mjini juu ya lori.

Tulinunua chumvi na debe la mafuta ya taa, tukala mihogo ya kuchoma, tukaanza kupanda. Na hapa ndipo nilipoanza kutoipenda siku ile.

Mpando wa Ubavuni ni mrefu, lakini siku zote tuliupanda bila kuuhisi, maana ni siku za lori, na siku za lori Bartholomeo hushuka barabarani kuuza matenga yake, akapanda nasi wanawake, na anakuwa na hadithi za kila mtu. Leo alikuwa mbele na gunia la chumvi begani, anapumua tu. Filomena alimchokoza mara mbili tatu zaidi, akachoka. Utani wa mtu mmoja hauendi mbali. Tukasikia miguu yetu. Tukasikia magoti yetu. Nilianza kuhesabu maumivu yangu, na yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani. Filomena alikuwa na debe kichwani na uso umekunjamana.

"Njia imekuwa ndefu," akasema.

"Ni ile ile," nikamjibu.

Tukafika Ubavuni penyewe. Upande wa kulia mwamba, upande wa kushoto hakuna kitu. Mto uko chini kabisa, hauonekani, unasikika tu. Mvua ya usiku ilikuwa imekula kipande cha njia. Pamebaki ukingo wa kukanyaga mguu mmoja mmoja, hatua chache tu, halafu njia inaendelea. Wengine walikuwa wameshapita, nyayo zao zilionekana ng'ambo. Bartholomeo akapita, akaweka gunia, akanipokea mkono nami nikapita. Ikawa zamu ya Filomena.

Alipofika katikati jiwe likaachia chini ya mguu wake. Hakuanguka, alijibana kwenye mwamba, lakini debe lilimtoka kichwani. Tulilisikia likigonga, likanyamaza, likagonga tena chini sana. Kisha harufu ya mafuta ya taa ikapanda.

Filomena hakulia wala hakupiga kelele. Alibandika uso kwenye mwamba, vidole vimeshika nyufa, na miguu ikaanza kutetemeka. Mkono wa Bartholomeo haukumfikia. Pale Filomena aliposimama hapakuwa na nafasi ya mtu wa pili. Alihitaji hatua mbili tu za kwake mwenyewe. Akakataa.

"Filomena, sogeza mguu wa kulia," nikamwambia.

"Sina mguu," akasema.

Nikasali kwa sauti. Ukungu ukaanza kushuka kutoka juu, na mwamba ukawa unalowa. Bartholomeo akapiga magoti kwenye ukingo, akasema kwa sauti ya chini, ya upole, sauti ya padri kitandani kwa mgonjwa, "Filomena, tulia. Usitazame chini. Mungu yupo. Tuko nawe."

Filomena akageuza jicho moja. Uso ukabadilika kabisa.

"Semeni," akasema, "hata Bartholomeo anaongea kwa adabu. Basi nakufa kweli."

Na miguu ikatetemeka zaidi, mpaka vijiwe vikaanza kudondoka. Niliogopa sana. Sijaogopa vile tena maishani mwangu.

Hapo Bartholomeo akageuka akanitazama mimi. Alinitazama usoni sawasawa, kama mtu anayemtazama karani kabla ya kuweka dole gumba. Akasimama, akajishika kiuno, akapaza sauti korongo zima lisikie.

"Enyi ukoo wake, njooni mchukue maiti yenu! Mimi mtani nadai haki yangu. Kanga mpya ni yangu. Mbuzi mweusi ni wangu. Ile sufuria kubwa anayowanyima majirani ni yangu. Mwili chukueni, ila ulimi wake mzikeni mbali, nisije nikakosa usingizi!"

 Halafu, kutoka mwambani, sauti ya Filomena, nyembamba bado.

"Sufuria yangu huipati."

"Nimeshaipata. Jioni naipikia maharage. Nitayaunguza, kama ulivyokuwa ukimuunguzia marehemu." Akakohoa kikohozi cha Simon. "Tena nitaisugua kwa mchanga, mpaka itoboke."

"Mbwa wewe," akasema Filomena.

"Maiti haitukani. Lala vizuri."

Filomena alianza kucheka. Alicheka uso ukiwa bado mwambani, hasira na kicheko pamoja, mabega yakashuka, vidole vikaachia ufa mmoja vikashika mwingine, na mguu, ule mguu asiokuwa nao, ukasogea. "Ngoja nikufikie," alikuwa anasema, "ngoja nikufikie tu." Hatua ya kwanza. Hatua ya pili. Bartholomeo akamdaka mkono akamvuta, naye alipofika tu akampiga ngumi za kifua kwa mikono yote miwili, kisha akamshika shati, akalia.

Tulikaa chini wote watatu. Tulicheka tena kidogo, bila sababu, vile mtu anavyocheka akikuta bado yu hai. Halafu kicheko kikaisha mmoja baada ya mwingine, maana kila mmoja wetu alikuwa amekumbuka.

"Semeni," Filomena akasema, "utasema?"

"Nitasema," nikajibu. Moyo uliniuma, lakini nilijibu.

"Aseme," akasema Bartholomeo. "Ndicho alichochaguliwa." Akainua gunia lake la chumvi, akatangulia.

Kwa mjomba Anselmi uwanja ulikuwa umejaa. Mtu alikuwa ameleta ngoma tayari kwa faini ambayo watani wangemtoza akishindwa. Bartholomeo hakukaribia mlango. Alisimama katikati ya uwanja, kichwa wazi, suruali imejaa matope ya Kooni. Mjomba alikuwa amekaa barazani.

"Shahidi," akaniambia. "Ametania, hakutania?"

"Ametania," nikasema.

Watu wakapiga kelele za furaha, wale watani wakubwa, ngoma ikagongwa. Mjomba akainua mkono.

"Basi. Posa imekwisha. Kesho tunampokea Athanas peke yake."

"Mjomba, sijamaliza," nikasema, na sauti yangu ilipanda, nakiri, zaidi ya inavyofaa mbele ya mzee. "Umeniuliza kama ametania. Hujaniuliza ilikuwa wapi." Nikaeleza yote. Kabichi, kofia, debe, mwamba, miguu ya Filomena. Nikaeleza alivyonitazama kwanza. Mwenye ngoma akaiweka chini.

Mjomba akamgeukia Bartholomeo.

"Ulikuwa umesahau masharti yangu?"

"Sikusahau, mjomba."

"Na ulijua kesho anakuja nani?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

Bartholomeo alifikiri. Alionekana anatafuta neno zuri, akalikosa. "Alikuwa amesimama pabaya," akasema.

Mjomba akainama, akajikuna goti.  Kisha akamwita Filomena kwa jina lake la utotoni, ambalo silitaji hapa, akamuuliza, "Mwanangu, wewe unasemaje?"

Filomena alitoka kwenye kundi la wanawake, akasimama kando ya Bartholomeo.

"Sufuria yangu siitoi, mjomba," akasema. "Lakini akija kukaa nayo nyumba moja, sina neno."

Mjomba Anselmi akaanza kucheka polepole, tumbo ndilo lilianza. Akaita ndani, "Mleteeni mkwe wangu kigoda, amesimama tangu asubuhi." Vigelegele vikapigwa mpaka mbuzi wakakimbia. Kigoda kikaletwa, Bartholomeo akakalishwa barazani kando ya mjomba, na watu wote wakasogea karibu, watani mbele kabisa, wakinyamazishana, maana sasa alikuwa ameruhusiwa na hakuna aliyetaka kupitwa na atakachosema.

Bartholomeo akafungua mdomo. Akatutazama mmoja mmoja, akamtazama Filomena, akajifunika uso kwa mikono yake ya mianzi, na akalia kama mtoto, na tulimsubiri mpaka giza likaingia, hakuna neno lililotoka.